Mzee wa Mtambo na Kadi ya Kampuni

Kwa miaka tisa niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona Mzee wa Mtambo akiazima hata kalamu. Alikuja ofisini na zake mbili, ya bluu na nyeusi, kazichomeka kwenye mfuko wa shati, na zikigoma zote mbili alivuka barabara hadi dukani, akanunua nyingine, akarudi kusaini. Mimi ni katibu wa ofisi, nina kopo zima la kalamu mezani. Nilikuwa namsukumia lile kopo makusudi, nione atafanyaje. Alilirudisha upande wangu taratibu na kusema, "Ahsante Katibu, yangu iko dukani," kisha akatoka kwenda kuinunua.

Mtu huyohuyo ndiye aliyehangaikiwa karibu miezi miwili ili apewe kadi ya mkopo ya kampuni. Nilishindwa kuyaweka mambo hayo mawili kwenye kichwa kimoja. Mama yangu, kule Chamwino, alizoea kusema kwamba udadisi wangu utaniua nikiwa dirishani kwa watu. Basi haya ninayoandika ni ya dirishani: niliyoyaona mwenyewe, na aliyonijibu yeye nilipomchosha kwa maswali.

Kampuni yetu inachimba visima virefu. Ofisi iko Makole, nyumba ya kawaida tu iliyogeuzwa ofisi, sebule ndiyo mapokezi na chumba cha watoto ndicho cha mhasibu. Yeye alikuwa msimamizi wa mtambo mkubwa, ule unaobebwa na lori. Hakuwa na cheti cha uhandisi. Wenye vyeti walikuja na vifaa vyao vya kupimia ardhi, wakaweka alama ya rangi, wakapanda gari na kuondoka. Yeye alibaki na mwamba. Ukimpigia simu akiwa nyumbani kwake alizungumza kwa sauti ndogo hadi unasogeza simu sikioni, lakini akiwa kwenye mtambo alifoka hata mtambo ukiwa umezimwa.

Alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani, na mkeka wa kuswalia ulikaa nyuma ya kiti cha dereva pamoja na spana. Kigogo alijua cha salamu tu. Aliingia kijijini na kusema "Mbukwa" kwa lafudhi mbaya kabisa, kina mama wakacheka, naye akaisema tena vibaya zaidi. Niliwahi kumwambia nimfundishe kuitamka. Akasema, "Niache hivyohivyo. Wakishacheka hawanifichi kitu."

Alichotaka wasimfiche kilikuwa kimoja. Kabla hajashusha mabomba alitafuta mwanamke mwenye ndoo, yeyote, akamuuliza anaondoka nyumbani saa ngapi kwenda kutafuta maji. Hakuuliza umbali. Alisema ukiuliza umbali utaambiwa "hapo tu", hata kama hapo tu ni vijiji viwili. Saa haidanganyi sana. Alikuwa na daftari la kurasa ngumu, na juu ya kila kisima, kabla ya mita na aina ya mwamba, aliandika: saa kumi na moja alfajiri, au saa kumi, au mwanamke mmoja kasema halali usingizi kabisa. Wahandisi walidhani ni muda wa kuanza kazi.

Kila mita tatu udongo na vumbi vinavyopulizwa kutoka shimoni huchukuliwa kidogo na kumwagwa juu ya gunia, vifungu kwa mstari, ili ukitazama uone ardhi ilivyojipanga kutoka juu hadi chini. Kila mchimbaji hufanya hivyo. Yeye aliongeza la kwake: alionja. Alichota kwa kidole, akatia ulimini, akatema pembeni. Aliweza kukuambia mapema kwamba maji yakipatikana yatakuwa ya chumvi, na hilo kwetu si jambo dogo, maana kuna vijiji vimechimbiwa kisima na ng'ombe tu ndio wanaokunywa. Nilimuuliza mwamba mkavu una ladha gani. "Hauna," alisema. "Huo ndio ubaya wake."

Siku ya kwanza ya Mzee kazini, Mhasibu wetu alitaka kumtumia pesa ya dizeli kwenye simu, kama tunavyofanya kwa kila mtu. Mhasibu ni kijana msomi, mwepesi wa kompyuta, na hasira zake huja kwa Kiingereza. Mzee akamshika mkono.

"Usinitumie, kijana wangu. Simu hii si yangu peke yangu."

"Ya mama nyumbani?"

"Ya wadai wangu. Mimi ni mufilisi. Kinachoingia humu wana haki ya kuuliza ni cha nani. Ukitia humu pesa ya kampuni, utakuja kuieleza mahakamani."

Aliyasema hayo pale mapokezi, mbele yangu na mbele ya mteja aliyekuwa anakunywa soda. Mimi watu walioishiwa nawajua kwa mamia, na mwenyewe huwa mmoja wao kila mwezi ukifika tarehe ishirini. Lakini mtu aliyeishiwa kwa hukumu ya mahakama, kwa karatasi yenye muhuri, sikuwahi kumwona. Nilimtazama kama vile anaweza kuwa na alama mahali fulani. Hakuwa nayo, ila zile kalamu mbili.

Ndipo nikaanza kumchimba na mimi, kidogokidogo, kila alipokuja kusubiri saini ya Mkurugenzi. Alikuwa na kampuni yake zamani na mtambo wake mmoja, wa mkopo, na dhamana ya mkopo alikuwa yeye mwenyewe: jina lake, nyumba yake, mashamba. Wachimbaji wengi huko nyuma walikuwa na desturi ya kukubaliana na kijiji kwamba kisima kikiwa kikavu hakilipwi. Aliyekuwa na akili alikubali hivyo, akachimba hadi mita walizopatana, akikosa alifunga virago na kubeba hasara ya shimo moja. Yeye hakuweza kufunga virago. Alifika mita walizopatana, akatazama kundi la watu wamekaa chini wanasubiri, akasema bado kidogo. Bado kidogo ikawa mita kumi, ikawa thelathini, dizeli ya kukopa, mabomba ya kukopa. Mashimo matatu yalifuatana makavu, na kila moja alilizamisha kuliko lililotangulia. Maji yakazidi unga, kwa mtu aliyekuwa anatafuta maji. Mtambo ulichukuliwa, nyumba ikauzwa, na mahakama ikamaliza.

"Benki ndiyo iliyokufilisi?" nilimuuliza.

"Benki walinikopesha na wakataka chao. Hawana kosa." Alifikiri kidogo. "Nilifilisiwa na mdomo. Nilikuwa nawaahidi wanakijiji maji."

Kwa kuwa simu yake haikuguswa, pesa zake za safari zilikwenda kwa bahasha, mkononi mwa dereva. Kompresa ikifa huko porini, dereva alirudi Makole kuomba pesa ya spea, akasubiri saini, akanunua, akarejea. Siku tatu mafundi wote wamekaa kivulini kwa posho ya kampuni. Baada ya msimu mmoja wa namna hiyo Mkurugenzi alichoka. Mkurugenzi wetu ni mwanamke, kampuni ilikuwa ya mumewe, akaipokea siku ya arobaini ya msiba na hajaiacha tena. Akasema mzee apewe kadi ya kampuni, alipie mwenyewe mafuta sheli na spea dukani, na kila shilingi ionekane ilikotoka na ilikokwenda.

Mhasibu alipinga. "Mama, hii ni risk. Mtu ana bankruptcy, unampa credit card? Auditor atatucheka."

"Deni la hiyo kadi ni la nani?" Mkurugenzi akauliza.

"La kampuni."

"Basi kampuni ni mimi, na sijafilisika. Leta fomu."

Hapa naingia mimi, na si kwa sifa. Fomu ya benki ililetwa kwangu niijaze, Mzee aje kusaini tu. Ukurasa wa pili kulikuwa na swali: je, atakayeshika kadi amewahi kutangazwa mufilisi na mahakama? Ndiyo au hapana. Nilikaa nalo. Mhasibu alisema niliache wazi, benki inaitazama kampuni, haimtazami mzee. Mimi nikaona kuliacha wazi ni woga. Nikaweka alama kwenye Hapana. Niliona namsaidia, tena nilijisikia vizuri siku nzima, kama mtu aliyetoa sadaka.

Alipokuja kusaini aliisoma fomu yote. Alisoma polepole, kidole kinatembea chini ya mstari, na kilipofika pale kikasimama.

"Katibu, hii nani kajaza?"

"Mimi, mzee. Nilifikiri..."

"Hii siwezi kuisaini. Si kweli. Naomba wakupe mpya."

Nikamwambia wakijua watakataa. Nikamwambia kadi ni ya kampuni na lile swali ni la kawaida tu, hakuna anayelisoma. Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi akiwa na nguo za kazi.

"Sheria hainikatazi kushika kadi ya kampuni, nimeuliza," alisema. "Inanikataza kukopa huku nimejificha. Nikipewa kwa hiyo Hapana yako, kila nikiitoa mfukoni nitakuwa nimejificha. Nitaitumiaje? Nitakuwa naitazama sheli nzima kama nina bangi."

Nilicheka, kisha nikaona aibu iliyonishika hadi shingoni. Fomu mpya ilikuja baada ya siku nne. Kwenye lile swali aliweka alama ya Ndiyo kwa kalamu yake nyeusi, na pembeni, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kuandika, akaandika kwa herufi ndogo mwaka wa hukumu na sababu. Alinitazama akasema, "Mficha uchi hazai, Katibu," akiniambia mimi, mama wa watoto wanne.

Wakakataa kama nilivyosema. Barua ya kukataa ilikuwa na mistari miwili. Nilitaka kumwonyesha kama ushahidi kwamba nilikuwa sahihi, nashukuru Mungu nilijizuia. Yeye aliipokea akaikunja, akaenda Bahi kuchimba kisima kwa pesa ya bahasha. Mkurugenzi ndiye aliyevaa kitenge chake cha heshima akaenda benki mwenyewe, mara tatu. Mara ya tatu alirudi na masharti. Kampuni iandike barua kwamba deni lote ni lake na kwamba inajua historia ya mshika kadi. Kikomo kiwe kidogo. Kadi isitoe pesa taslimu kabisa, ilipie mafuta, spea na malazi tu. Na mzee naye apeleke taarifa kwa ofisi inayosimamia mambo ya watu waliofilisika, wajue.

"Umewaambia nini wakakubali?" nilimuuliza Mkurugenzi, nikimpelekea chai.

"Nimewauliza, katika wote wenye kadi zao, ni wangapi waliojibu Ndiyo bila kulazimishwa. Yule ofisa akatabasamu. Nikajua tumepita."

Kadi ilikuja na jina la kampuni juu na jina lake chini. Nilimwita aichukue. Aliigeuza mara kadhaa, akapitisha kidole juu ya herufi za jina lake, na macho yake yakalowa, akajifanya anatafuta miwani. Nilifurahi kwa ajili yake hadi nikasahau kuuliza swali lolote.

Ungetegemea mtu wa hivyo afurahie kuitumia. Wapi. Aliishika kama mtoto mchanga wa mtu mwingine. Aliifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likakaa ndani ya sanduku la spana lenye kufuli. Sheli walimzoea: mzee anayeshuka kwenye lori na kopo la maziwa. Alipolipia aliomba risiti, akaisoma palepale, akaandika nyuma yake mita waliyofikia. Akirudi Makole alizimwaga risiti kwenye meza ya Mhasibu na kuzipanga mstari, moja baada ya nyingine, kama anavyopanga vifungu vya udongo kwenye gunia, na kila moja akaiwekea kijiwe ili feni isiipeperushe. Mhasibu mwanzo alilalamika kwamba meza yake imekuwa machimbo. Baadaye nilimkuta anawafundisha wasimamizi wengine kupanga hivyohivyo, vijiwe na vyote.

Lakini nisimpake rangi ya malaika. Mwaka wa kwanza wa kadi ile alitukosea, na alitukosea kwa ugonjwa wake uleule.

Ilikuwa kijiji kimoja mbele ya Mpwapwa. Mkataba ulisema mita mia na ishirini. Alifika mia na ishirini, kavu. Alichotakiwa kufanya ni kung'oa mabomba na kupiga simu. Badala yake alituma dereva sheli na kopo, mara mbili, akachimba hadi mia thelathini na nane. Hakupata kitu. Siku ya pili yake alikuwa ofisini kabla sijafungua mlango, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, akaweka kadi mezani, na pembeni yake risiti mbili.

"Mama, nimechimba kwa dizeli yako mita kumi na nane ambazo hukuniruhusu. Nikate kwenye mshahara, na kadi hiyo hapo."

Mlango ulikuwa wazi, na kama ungekuwa umefungwa ningeufungua. Mkurugenzi alizisoma risiti mbele na nyuma. Kisha akamuuliza, "Kwa nini?"

"Kuna mama aliniambia anaamka saa tisa."

Mhasibu alisema kadi ichukuliwe leo, benki isije ikasikia. Alikuwa na haki kusema hivyo, na mimi niliyempenda mzee nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Aliyeonja asali haonji mara moja. Mkurugenzi akakata mshahara, lakini kadi akairudisha mkononi mwake kwa sharti moja: hakuna mita hata moja nje ya mkataba kabla ya kumpigia Katibu. Katibu ataandika saa na mita, atamwuliza Mkurugenzi, kisha atampa Mzee jibu. Kwa namna hiyo mimi, mwanamke wa mezani, nikawa breki ya lori.

Tangu hapo simu yangu ililia kutoka kila upande wa nchi hii kavu. "Katibu, niko mia na kumi na tano, udongo unabadilika." Namwambia subiri. Naenda chumba cha Mkurugenzi. Mara nyingine ilikuwa ndiyo, mita kumi. Mara nyingi ilikuwa hapana. Nikimpa hapana alisema, "Sawa, tunang'oa," na nilisikia nyuma yake watu wakiuliza mzee kasemaje. Hakuwahi kuwaambia kwamba ni Katibu kakataa. Alisema mwenyewe: tumefika mwisho.

Baada ya miaka minne mahakama ikamwachilia, si mufilisi tena. Alikuja na karatasi ile, akaomba nakala tatu, moja yetu, moja ya benki, moja ya mkewe, na akatuletea karanga za kukaanga kwenye gazeti. Nikamtania: sasa mtu huru, utaazima kalamu? Akasema, "Pole pole, Katibu." Kadi ilipokaribia kuisha muda, fomu ya kuomba nyingine ikaja na swali lilelile, amewahi au hajawahi. Nikampa bila kuigusa. Akaweka Ndiyo, akaandika pembeni tarehe ya hukumu na tarehe ya kuachiliwa, na safari hii benki haikuandika barua yoyote. Kadi ilitoka ndani ya wiki mbili.

Ndiyo niliyompelekea mwenyewe. Dada yangu anaishi Mpwapwa, nilikuwa nimeomba ruhusa ya kwenda kumwona, na mzee alikuwa anachimba kijiji cha huko ndani. Kadi ya zamani ilikuwa imebakiza siku mbili. Nililala kwa dada, asubuhi nikachukua bodaboda, na baada ya saa nzima ya makorongo nikausikia mtambo kabla sijauona. Halafu ukanyamaza.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeisikia kazi yake kwenye simu tu. Nilipofika alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia, vifungu arobaini vya udongo vimepangwa, na cha mwisho kilikuwa cha kijivu, kikavu kama unga wa ubuyu. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya mabomba. Upande wa pili, watu labda sitini, wengi wao kina mama, wamekaa chini, ndoo zao mbele yao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniona nikishindwa, Katibu? Mia na ishirini."

Nikampa kadi. Aliosha mikono kwa maji ya kopo moja, akaisaini karatasi ya kupokea kwa kalamu yake, akaitazama kadi mbele na nyuma. Hapakuwa na mtandao wa kumpigia Mkurugenzi. Dereva alisema ni hadi upande ule wa kilima, mwendo wa nusu saa, na nusu ya siku haushiki. Dizeli ilibaki kidogo. Sheli ilikuwa Mpwapwa, kadi mpya ilikuwa mkononi mwake, na deni la zamani lilikuwa limefutwa. Sikuhitaji kuambiwa anafikiria nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nalifikiria.

Mwanamke mmoja alisimama akaja hadi karibu nasi. Alikuwa mtu wa makamo, kajifunga kanga ya pili kiunoni, ndoo ya plastiki imetoboka na kuzibwa kwa nailoni iliyoyeyushwa. Mzee alikuwa amemwandika kwenye daftari, ukurasa ulikuwa wazi: saa tisa na nusu.

"Baba, bado kidogo tu?" alimuuliza.

Nilimtazama yule mama, nikatazama ile ndoo. Nikasema maneno ambayo nilikuwa nimelipwa kwa zaidi ya miaka minne kuyazuia. Nikamwambia, "Mzee, ongeza. Ongeza mita ishirini. Mkurugenzi nitamweleza mimi."

Aligeuka akanitazama, na sikuona hasira. Niliona mtu aliyeguswa pale panapouma na mkono ambao hakuutegemea. Alifunga ile kadi ndani ya kitambaa.

"Usinifanyie hivyo, Katibu," alisema kwa sauti yake ya nyumbani, ile ndogo. "Mimi huwa nakutegemea wewe."

Kisha akawageukia mafundi akawaambia waanze kung'oa. Bomba la kwanza lilipotoka, watu wakaelewa, na manung'uniko yakapita kati yao. Yeye hakukimbilia kwenye lori. Alirudi kwa yule mama, akavua kofia.

"Mama, hapa hakuna maji. Tumefika mwisho wa ruhusa yangu."

"Mtarudi?"

Nilimwona anavuta pumzi. Lilikuwa jibu rahisi kuliko yote, neno moja tu, lisilotumia hata tone la dizeli, na watu sitini walikuwa wanalisubiri.

"Sijui," alisema. "Nitaandika leo kuomba tupimiwe sehemu nyingine, na nitaandika saa unayoamka. Lakini nikikuambia nitarudi, nitakuwa nimekukopa, na sina cha kukulipa."

Yule mama alikaza kanga yake kiunoni. Akasema, "Ahsante baba kwa kutotudanganya," akajitwisha ndoo yake tupu, na wenzake wakaanza kuinuka mmoja mmoja kumfuata. Mimi nilibaki nimesimama na karatasi yangu ya benki mkononi, nikiona haya mbele ya migongo yao, kwa sababu ningekuwa mimi ningemwahidi.